Nira ya Punda na Ng'ombe

Mashine ya kusaga ya Kemorogo ilikuwa inanguruma tangu asubuhi, na unga ulikuwa umewatia mvi wote waliosimama mlangoni. Nyangi alitua debe lake la mahindi kwenye foleni. Mama aliyekuwa mbele yake akasogea mpaka ukutani, kama mtu aliyeona siafu.

"Waitara, nisagie," Nyangi alimwambia mwenye mashine.

Waitara hakumtazama. Alimgeukia mteja mwingine, akapaza sauti ishinde injini. "Mwambie huyo mtu mashine imeharibika."

"Hii inayonguruma ni nini?"

"Mwambie hii ni ya wengine."

Watu wakacheka wakiangalia chini, maana kucheka na mtu aliyetengwa nako kungeweza kuhesabiwa kuwa ni kuongea naye, na aliyeongea naye alitoa mbuzi. Ndivyo ilivyoamua ritongo, mkutano wa wanaume wa kijiji. Nyumba ya Mogesi, mume wa Nyangi, isisalimiwe, isisagiwe, isipewe moto wala jembe la kuazima, na akifa mtu wao wachimbe kaburi wenyewe.

Huyu Waitara, mke wake alipojifungulia njiani mwaka ule wa mvua nyingi, kanga iliyompokea mtoto ilikuwa ya Nyangi. Mtoto yule yule sasa alikuwa ameshika gunia pale mlangoni, naye akageuza uso. Baba alikuwa amemfundisha vizuri.

Nyangi alijitwika debe lake akashika njia ya Mugumu kwa miguu. Bodaboda watatu walimpita. Wa tatu alipunguza mwendo, akamtambua, akaongeza mafuta.

*

Kosa la Mogesi lilikuwa gazetini, na aliyeliandika ni kaka yake wa tumbo moja.

Daudi alikuwa mwandishi wa siasa, akiishi Tarime mjini. Alianza ujana wake akiandika habari za mikutano ya kampeni iliyovunjwa kwa mawe, na kwa kweli wakati huo alikuwa na moyo. Jiwe moja lilimwachia alama kwenye paji la uso. Baadaye akaota kitambi na akaanza kuandika juu ya neema. Kila wiki, chini ya picha yake ya miaka mingi iliyopita, alikuwa na safu iitwayo Mkono wa Neema. Humo aliwaambia watu wa vyama na koo zinazochukiana kwamba wanaweza kula sahani moja. Wachungaji waliisoma madhabahuni. Mashirika yalimwita kwenye semina, yakamvalisha kitambulisho shingoni. Alikuwa ameandika juu ya msamaha mara nyingi kuliko alivyowahi kuuomba.

Uchaguzi uliopita alitaka kuandika juu ya Kemorogo, kijiji alichozaliwa. Mgombea mmoja wa udiwani alikuwa amewapa wazee wa ritongo dume la ng'ombe. Hilo lilikuwa kweli. Dume lilichinjwa mchana kweupe, wakala watu wa chama hiki na wa chama kile, mbwa nao wakala, na Mogesi mwenyewe alirudi nyumbani na mfupa. Daudi aliambiwa habari hiyo hotelini Tarime na wakala wa mgombea mwingine, ambaye pia alimlipia samaki. Mhariri akasema habari ni nzuri, lakini iko wapi sauti ya mwananchi?

Daudi hakwenda Kemorogo. Barabara ilikuwa na matope. Alikaa sebuleni kwake akatunga mwananchi. Na kwa kuwa uongo nao unataka uso, akampa uso wa mdogo wake. Akaandika: "Mkulima mmoja wa makamo, ambaye hakutaka jina lake litajwe kwa ajili ya usalama wake, aliniambia huku akilima kwa punda na ng'ombe aliowafunga nira moja: 'Wazee wetu wamelishwa, na sisi tumeuzwa pamoja na mkia.'"

Alifurahi sana na punda yule. Alimfanya kuwa chama kimoja, ng'ombe akawa chama kingine, na nira ikawa nchi. Wasomaji wake walilia.

Sasa, Kemorogo nzima mtu aliyelima kwa punda na ng'ombe alikuwa mmoja. Ng'ombe wa pili wa Mogesi alikufa kwa ugonjwa wa ndigana, na kwa kukosa mwingine akamfunga punda. Kijiji kilimcheka misimu miwili. Filemoni, katekista, alimwambia hata Biblia imekataza. Kuficha jina la mtu kama huyo na kumtaja punda wake ni kama kumficha twiga nyuma ya mpini wa jembe.

Gazeti lilipotoka, wazee wawili waliitwa kituoni kuhojiwa, wakalala huko. Mmoja alikuwa Mzee Nchagwa, mwenyekiti wa ritongo. Aliporudi alishuka kwenye gari mbele ya wajukuu zake ameishika suruali kwa mkono, maana mkanda ulikuwa umepotelea huko. Dume wangelisahau. Suruali ile hawakuisahau.

*

Jioni aliyorudi Nyangi kutoka Mugumu, simu ya Mogesi iliita. Aliyepiga alikuwa mzee wa upande wa Nyamongo, baba wa kijana aliyemposa Nice, binti yao. Mogesi aliweka sauti kubwa kwa sababu simu yake ilikuwa haisikiki vinginevyo, kwa hiyo wote wakasikia.

"Bwana Mogesi, ng'ombe tunao. Hilo usiwe na wasiwasi."

"Nashukuru."

"Ila tunaambiwa hapo kwenu hata mgeni akisema hodi, jirani anafunga mlango. Ng'ombe wangu watahesabiwa mbele ya nani? Mbele ya punda?"

Mogesi alilimeza tusi hilo. Kwa kawaida hakuwa mtu wa kumeza. Alikuwa na mdomo, akinywa alikuwa na ngumi pia, na Nyangi alikuwa na jino pungufu la kuthibitisha.

"Malizeni mambo yenu," mzee alisema. "Mwezi ukiisha bado, kijana wangu atatazama kwingine. Si kwa ubaya."

Simu ikakatika. Nice alikuwa anachochea moto uliokuwa hauhitaji kuchochewa.

"Baba, waambie tu wasije. Mimi nitakaa."

"Utakaa wapi? Hapa? Usalimiane na nani?"

"Na punda," Nice alisema, na mama yake akacheka mpaka akajifuta macho na upindo wa kanga.

Mogesi hakucheka. "Kesho nakwenda Tarime," alisema.

*

Editha, mke wa Daudi, muuguzi mzaliwa wa Moshi, ndiye aliyefungua mlango. Alimpokea shemeji yake kwa mikono miwili, akamwita mumewe, akaingia jikoni na kuuacha mlango wazi makusudi.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mura. Mbona unakuja bila kupiga simu?"

"Nilipiga. Ukaniandikia uko kwenye kikao."

"Nilikuwa kwenye kikao kweli."

"Mwezi mzima?"

Daudi alimwagizia soda. Ukutani kulikuwa na vyeti vimepangwa kama vyungu vya maonyesho, vyote vya amani. Mogesi alikaa ukingoni mwa kochi ili asilichafue.

"Kaka, nataka kukuuliza neno moja. Yale maneno, mimi nilikuambia?"

Daudi alitazama mlango wa jikoni. "Katika uandishi, mdogo wangu, kuna kitu kinaitwa sauti ya mwananchi..."

"Nakuuliza, nilikuambia?"

"Hukuniambia kwa mdomo."

"Nilikuambia kwa nini? Kwa kisogo?"

Sufuria ilianguka jikoni.

"Basi njoo ritongo," Mogesi alisema. "Useme hivyo hivyo. Kwamba Mogesi hakusema. Sikuombi kitu kingine. Mkwe wangu amenipa mpaka mwezi uishe, na Nyangi anatembea mpaka Mugumu kusaga debe moja la mahindi."

"Unajua unachoniomba? Nikisema si wewe, kesho mhariri atauliza ni nani. Nikisema hakuna, nimekwisha. Miaka yote hii imekwisha. Na mwezi ujao natakiwa Mwanza, kuna tuzo."

"Tuzo ya nini?"

Daudi alikuwa na haya kidogo bado, kwa hiyo alijibu polepole. "Ya uandishi wa upatanisho."

Kisha uso wake ukang'aa, akaenda chumbani, akarudi na gazeti. "Usidhani nimekusahau. Tazama. Ya wiki hii." Akasimama katikati ya sebule akasoma kwa sauti ya kanisani. Makala iliitwa Kemorogo, Msameheni Ndugu Yenu. Ilikuwa nzuri. Ilisema mtu akiteleza ulimi si haki kumtupa, kwamba hata nira humvumilia punda. Kilomita nyingi kutoka mahali ambapo mtu alinyimwa unga, maneno yalitiririka kama maziwa.

Mogesi alisikiliza mpaka mwisho. "Umewaomba wanisamehe."

"Ndiyo."

"Kwa kosa gani?"

Daudi alilikunja gazeti mara mbili, akalikunjua, akalikunja tena.

Editha aliingia na ugali na nyama. "Kula, shemeji, ushibe. Msamaha hapa upo mwingi, tunanywea mpaka chai." Kisha akamgeukia mumewe. "Utakwenda huko, baba Christina. Na usiende na kamera."

"Nitakwenda," Daudi alisema. "Naahidi mbele ya mke wangu."

*

Alikwenda na kamera.

Ritongo ilikaa kwenye uwanja wa josho la zamani. Daudi alikuja kwa gari la kukodi, akalisimamisha mbali ili watu wamwone akitembea. Mzee Nchagwa alikuwa amekalia kigoda mbele, suruali yake ameifunga kwa kamba ya katani. Mikanda alikuwa nayo nyumbani. Kamba ile aliivaa kila mkutano watu wasisahau. Mogesi alisimama peke yake upande wa pili, na kati yake na wanaume wengine kulikuwa na nafasi ya kupitisha trekta.

Daudi alipewa nafasi. Alizungumza kwa Kikurya chenye kutu, kisha akahamia Kiswahili, ambacho kilikuwa mali yake. Aliwakumbusha marehemu baba yao. Aliwakumbusha wakati koo zilipouana kwa mishale na jinsi wazee walivyokaa wakamaliza. Alisema chuki ni moto unaoanza na nyumba ya jirani. Wanaume walitikisa vichwa. Neno tamu ni tamu hata likitoka mdomo mbaya.

"Umemaliza?" Mzee Nchagwa aliuliza.

"Nimemaliza, mzee wangu."

"Una mdomo mzuri. Baba yako hakuwa nao, lakini alikuwa anajibu akiulizwa. Sasa swali ni moja. Huyu ndugu yako ndiye aliyekuambia tumelishwa?"

Daudi alitoa leso akafuta shingo.

"Wazee wangu, kazi yangu ina maadili. Hayaniruhusu kumtaja mtu aliyenipa habari."

"Hatujakuambia umtaje! Tumekuuliza kama ni huyu!"

"Hata kumkana siruhusiwi. Nikimkana huyu leo, kesho mtaniletea mwingine, mpaka abaki mmoja."

"Mtu hamtaji ila punda wake anamtaja!" kijana mmoja alipiga kelele nyuma, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Hata Mogesi alionyesha meno.

"Daudi," Mzee Nchagwa alisema kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko hasira. "Ndiyo au hapana. Ndugu yako anangoja hapo."

Daudi alimtazama mdogo wake. Kwa kitambo kidogo mdomo wake ulifunguka, na kama kuna mizimu ya baba yao, naamini ilisimama kusikiliza. Kisha akainua kidevu.

"Niko tayari kwenda jela kuliko kuvunja maadili ya kazi yangu."

Na alipendeza alivyosema. Hakuna aliyekuwa amemtajia jela. Alijenga lango kwenye boma ambalo ndani yake hamkuwa na mtu. Alimlinda kwa ushujaa mwananchi asiyekuwepo, na yule aliyekuwepo akamwacha juani.

Mogesi alisubiri kidogo, labda mtu angecheka. Hakuna aliyecheka. Akasogea mbele hatua chache, akavua kofia.

"Nilisema mimi," alisema.

Nyangi, aliyekuwa amesimama peke yake mbali na wanawake wengine, alipiga ukelele mmoja mfupi akajiziba mdomo.

Mzee Nchagwa alimtazama sana. "Mura, unajua unachosema?"

"Nimesema. Nilikuwa nimelewa, nikasema. Tajeni faini tumalize, nina wageni wa ng'ombe."

Msimfanye mtakatifu. Alikuwa amechoka. Alikuwa amehesabu kwamba ukweli hautapatikana siku ile wala nyingine, na kwamba mwezi unaisha. Mzee Nchagwa alijua kuwa mtu huyu anajisingizia. Wanaume wengi pale walijua. Lakini ritongo haikuwa inatafuta ukweli, ilikuwa inatafuta ng'ombe, na ng'ombe alikuwa amepatikana. Wazee walinong'onezana kidogo kwa ajili ya heshima. Faini ikawa dume moja, lichinjwe leo, liliwe hapa, na nyumba ya Mogesi irudi kati ya watu.

Dume la Mogesi lilikuwa moja. Walilifuata shambani wakalifungua kutoka kwenye nira, na punda akabaki amesimama na upande wake wa mti shingoni, akitazama mbali kama asiyehusika.

*

Nyama ilipowekwa motoni, kijiji kilipona ghafla. Wanawake walimzunguka Nyangi, wakampokea kuni, wakamuuliza habari za miguu. Waitara alikuja na tabasamu lenye unga.

"Mama Nice! Habari za siku nyingi?"

"Nzuri. Mashine imepona?"

"Imepona," Waitara alisema, akaona aibu, lakini si sana.

Wazee wale waliohojiwa kwa kula dume la mgombea walikaa chini kula dume la Mogesi. Daudi alikaa nao, upande wa wenyeji, mahali pa mtoto wa kwanza wa marehemu baba yake. Alikuwa amekwisha piga picha ya Mogesi na Mzee Nchagwa wakishikana mikono. Aliwaambia warudie kwa sababu jua lilikuwa vibaya, nao wakarudia.

Nyangi alileta sinia la kwanza. Alisimama nalo, maana hakujua aanze wapi. Kaka wa mwenye nyumba hangoji kukaribishwa. Hula na wenye nyumba, baada ya wageni kuchukua.

Mogesi alinyoosha kidole kwa kaka yake.

"Mpe mgeni aanze," alisema.

Mzee Nchagwa alishusha macho kwenye kamba ya suruali yake. Wote waliokuwa pale walielewa kuwa mtu ametolewa nyumbani kwao, tena kwa heshima zote, na hakuna atakayemrudisha, maana huwezi kulalamika kuwa umeheshimiwa. Nyangi alipiga goti, akamwekea shemeji yake sinia mbele, akamnawisha maji ya vuguvugu.

Daudi alichagua ini. Macho yake yalikuwa na machozi. "Asanteni sana," alisema. "Asanteni, ndugu zangu."

*

Makala ilitoka wiki iliyofuata pamoja na picha. Iliitwa Niliiona Neema Kemorogo. Ilieleza jinsi ndugu wawili na kijiji kizima walivyokaa kula nyama moja, na jinsi mwandishi, kwa kuwa ni mtoto wa kwanza, alivyopewa heshima ya kuanza. Filemoni aliisoma kwa sauti pale mashineni. Alipofika hapo pa kuanza, Waitara alilazimika kuzima injini ili watu wacheke vizuri.

Tuzo ya Mwanza aliipata. Editha hakwenda; alisema yuko zamu.

Ng'ombe wa Nice waliletwa kabla mwezi haujaisha. Walihesabiwa mbele ya watu wengi. Kwenye nafasi ya baba mkubwa wa binti, anayetakiwa kusimama langoni na kusema kama ng'ombe wanafaa, Mogesi alimweka Mzee Nchagwa, mtu aliyekula dume lake. Mogesi alimwona kuwa afadhali. Huyu alikula, akafuta mdomo, akakaa hapo hapo mtu aweze kumwona.

Daudi alisikia habari kutoka kwa dereva wa basi. Akapiga simu, Nyangi akapokea.

"Shemeji, kweli? Mtoto wangu anatolewa ng'ombe, mimi sijui? Ningeshindwa nini kuja? Mimi ndiye baba mkubwa!"

Nyuma ya Nyangi ndama walikuwa wanalia na Mogesi alikuwa shambani na jembe la mkono. Punda alikuwa anakula pembeni, hana kazi, maana ng'ombe wa mahari walikuwa bado hawajazoea nira.

"Tulikufikiria, shemeji," Nyangi alisema kwa adabu kabisa. "Tukaona mgeni hasumbuliwi kwa mambo ya nyumbani."

Daudi alishusha simu kutoka sikioni. Hapo mwishowe alikuwa ameelewa, na jibu lile lilimchoma, tena mahali penyewe. Alikaa kitandani. Alilirudia neno lile kimya kimya, mara moja, mara ya pili. Mgeni hasumbuliwi kwa mambo ya nyumbani.

Ilikuwa sentensi nzuri. Akaanza kupapasa kitanda akitafuta kalamu.